Fundi aliyepima njia kwanza: roshani na baraza la nyumba yetu Kiponda

Naandika haya kwa wenye nyumba wenzangu wa Mji Mkongwe wa Unguja, khasa wale ambao roshani yao imeanza kulala upande mmoja au baraza lao limepasuka, na kila fundi anayekuja huwaambia, "Vunja, tumwage zege." Nimekuwa na fundi mmoja nyumbani kwa wiki tisa, tangu Oktoba hadi Disemba 2024. Kazi yake naisifu kwa moyo wote, na yaliyoniudhi nitayasema vilevile. Jina lake ameniomba nisiliandike. Kazi alizonazo zinamtosha, na amechoka na simu za watu wanaouliza bei wakatoweka. Karakana yake iko Ng'ambo, na mafundi wa zamani wa chokaa mjini wanamjua. Anayemtaka kwa dhati atampata.

Nyumba yetu iko Kiponda, ya ghorofa mbili, kwenye kichochoro kisichopita gari. Chini ni duka la kaka yangu, juu tunakaa sisi. Mbele ina roshani ya mbao iliyotokeza juu ya njia, ya aina walizojenga wafanyabiashara wa Kihindi mwishoni mwa karne ya 19, na chini yake lilikuwapo baraza la mawe na chokaa. Kaka yangu alipofungua duka mwaka 1998 aliliona baraza lile jembamba. Akaliongeza kwa zege, akabandika vigae, akashusha ngazi mbili kuelekea njiani, halafu akasimamisha mabomba mawili ya chuma na kuezeka bati ili mteja asinyeshewe. Hakuna jirani aliyesema kitu. Mimi mwenyewe nilikuwa nikisomesha skuli wakati huo, na jioni nilikaa kivulini pale nikisahihisha madaftari. Miaka yote ile haikunijia kwamba tumekaa juu ya njia ya watu.

Mwaka 2023 baba yetu alifariki, Mungu amrehemu. Sisi wanawake hatufuati jeneza, kwa hiyo nilisimama dirishani juu nimuage kwa macho. Wanaume walitoka naye mlangoni mabegani huku wakisema La ilaha illallah, na hatua chache tu kutoka kizingitini wakasimama. Bomba la kaka yangu lilikuwa upande huu, ukuta wa jirani upande wa pili. Waliobeba kushoto hawakuwa na pa kukanyaga ila juu ya zile ngazi za vigae, na bati lilikuwa chini mno kwa jeneza lililo juu ya mabega ya watu. Nikasikia mtu anasema, "Inamisheni! Shusheni upande wa miguu!" Jeneza la baba yangu likalala ubavu. Shuka ya kijani iliyolifunika ikanasa kwenye ncha ya bati. Kijana mmoja akainyofoa, ikachanika kiasi cha kidole, wakapita.

Waliokuwapo nadhani walisahau jioni ile ile. Mimi sikusahau. Baba aliishi katika nyumba ile zaidi ya miaka hamsini, akaitunza kila tofali na kila boriti, na siku ya kutoka kwake mara ya mwisho waliomzibia njia ni sisi wanawe.

Arubaini ilipokwisha nikamwambia kaka kwamba bati litoke. Akasema litatoka siku roshani ikitengenezwa, maana vumbi la mbao lilikuwa likidondoka juu yake kila siku na roshani nayo ilikuwa imeshainama. Basi nikaanza kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuja akatazama kwa dakika kumi. Ushauri wake ulikuwa kuing'oa roshani yote, kutoa boriti mpya za zege ukutani na kujenga kibaraza cha juu cha zege chenye vyuma, na kwa kuwa tutakuwa na zege la ziada, baraza la chini tuliongeze shibiri moja nyingine duka lipate nafasi. Nilimuuliza kuhusu kibali. Akasema, "Bi Mkubwa, nani atakuja na futi kupima kichochoro?" Bei yake ilikuwa shilingi 2,600,000 kwa kila kitu, na kusema kweli kaka yangu aliipenda.

Huyu wa pili alipiga hodi, akanipa shikamoo yangu, na badala ya kuinua macho kutazama roshani alichutama akafungua futi. Alipima njia. Ukuta wetu hadi ukuta wa jirani: mita 2 na sentimita 10. Ukingo wa ngazi zetu hadi ukuta wa jirani: sentimita 132. Akasimama, akajifuta mikono.

"Mwalimu, nyinyi peke yenu mmechukua sentimita 78. Hamali akiingia na mkokoteni, anayetoka upande wa pili inabidi arudi nyuma mpaka kwenye kona."

Nikamwambia nimemwita kwa ajili ya roshani.

"Roshani nitaitengeneza. Lakini siwezi kuitengeneza ya juu nikaiacha hii ya chini. Kama unataka ya juu tu, tafuta mwengine, wala sitakasirika."

Nilimpa kazi palepale, kabla ya kujua bei.

Kwa wasiojua utaratibu: Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya uhifadhi tangu 1985, una mpango wake wa uhifadhi wa 1994, mwaka 2000 uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO, na sheria ya Mamlaka hiyo ilitungwa upya 2010. Huwezi kugusa uso wa nyumba bila kibali, na uso wa nyumba ni pamoja na kila kinachotokeza njiani: roshani, baraza, ngazi, kivuli cha duka, hata mashine ya kiyoyozi. Masharti tuliyopewa sisi yalikuwa mafupi na ya kueleweka. Baraza la asili lisiondolewe wala lisiongezwe. Roshani itengenezwe kwa mbao, kwa umbo lake lilelile, isitokeze zaidi ya ilivyokuwa. Saruji isitumike kwenye kuta za mawe. Mabomba na bati visirudi.

Kibali chenyewe hakikutusumbua. Kilichotuchelewesha ni mchoro. Mchoraji tuliyemlipa shilingi 350,000 aliandika upana wa njia kwa kukisia, akaweka mita 2 na nusu, na fundi alipouona akakataa kuupeleka. "Mkaguzi akija na futi, uongo huu utakuwa wangu," alisema. Ukarudiwa, wiki mbili zikapotea, na mchoraji akataka alipwe tena. Hatukumlipa. Ushauri wangu kwa yeyote anayeanza: simama na mchoraji njiani, ushike ncha moja ya futi mwenyewe.

Mdogo wetu anaishi Dar es Salaam, na nilipomsimulia kwenye simu kwamba nakwenda kulipa pesa ili baraza lipungue sentimita 36 alizoongeza kaka, alicheka sana. Kwao mambo haya huhesabiwa kwa mita. Barabara kuu na za mikoa zina hifadhi ya mita 30 kila upande toka katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na X nyekundu ukutani kila mtoto anajua maana yake: utavunja, na fidia hakuna. Alishuhudia bomoabomoa ya Kimara mwaka 2017, na Oktoba 2021 aliona wamachinga wakiondolewa kwenye njia za waenda kwa miguu mji mzima. Kwake sheria ya barabara ni tingatinga. Nilimwambia huku kwetu tingatinga haliingii, na sentimita 36 za Kiponda ni mtu mzima mmoja kupita bila kugeuka ubavu.

Katika chuo cha Kurani tulifundishwa hadithi ya Mtume kwamba watu wakihitilafiana juu ya upana wa njia, iwekwe dhiraa saba. Dhiraa saba ni mita tatu na ushei. Kichochoro chetu hakijapata kufika hapo hata siku kilipojengwa, na ndiyo sababu naona kila shibiri humu ni amana. Tulifundishwa pia kwamba anayekaa njiani ana haki za njia za kutimiza, na mojawapo ni kuzuia udhia. Nilikuwa nikiwasomesha watoto haya, nikarudi nyumbani nikakaa kwenye udhia wenyewe.

Lakini msinielewe vibaya, mabaraza yasiondolewe. Kuna watu, khasa wageni wa mji, wanaotazama vichochoro vyetu na kusema kila kilichotokeza kifyekwe. Hawajawahi kuwa hapa masika. Maji yakijaa kichochoroni, baraza ndiyo njia ya miguu: mtu hupanda kwa jirani wa kwanza akatembea nyumba hadi nyumba mpaka msikitini bila kulowa kifundo. Baraza la asili lilijengwa kwa aliye ndani na kwa mpita njia pia. Mzee huketi akapumua, mwanamke huweka kikapu chake, muuza kahawa huegesha dele lake. Roshani nayo humtilia kivuli anayepita chini. Tatizo la baraza letu ni kwamba kaka alilipandisha likawa juu ya la jirani kwa karibu sentimita 20, tena la vigae. Mvua ikinyesha watu walifika kwetu wakashuka majini. Mtoto wa jirani aliwahi kuteleza pale akapasuka kidevu. Fundi aliliona hilo bila kuambiwa. Alivuta uzi kutoka baraza la jirani wa juu hadi la jirani wa chini, akasema la kwetu litafuata uzi huo.

Sasa kazi yenyewe. Walianza na kuvunja, wanaume wanne, kwa tindo na nyundo. Hakuruhusu mashine. Alisema ukuta wa mawe na chokaa hauna chuma ndani, unashikana kwa uzito na chokaa, na mtikisiko wa mashine utafungua nyufa za juu. Ilichukua siku tano. Siku ya tatu akaniita nishuke. Chini ya kigae kulikuwa na zege, na chini ya zege, kaka yangu hakulivunja bali alilifunika tu, lilikuwapo baraza la zamani. Fundi aliupangusa ukingo wake kwa brashi ya katani. Ulikuwa umeviringana kama ukingo wa bakuli, laini, mweupe wa rangi ya maziwa yaliyopoa, na katikati umebonyea kidogo pahala watu walipokuwa wakikaa na kuinuka. Niliweka kiganja pale, na baridi ya jiwe ilikuwa ileile niliyoijua utotoni. Bibi yangu alikuwa akiketi kwenye kibonyeo kile akichambua mchele.

Roshani ilikuwa habari nyingine. Kwa nje ilionekana ina ugonjwa wa rangi tu. Fundi akapanda ngazi, akachukua bisibisi, akaichomeka kwenye mbao inayobeba roshani pale inapoingia ukutani. Bisibisi ilizama mpaka mpini kama inachomwa kwenye boflo. Akaitoa na unga wa kahawia, akanikabidhi kiganjani. Sababu yake alinieleza vizuri: mwaka ule wa 1998 ukuta wa mbele ulipigwa plasta ya saruji juu ya chokaa. Chokaa inapumua, unyevu unaingia na kutoka. Saruji inaufungia ndani, na unyevu uliofungiwa ukatafuta pa kutokea, ukaona kichwa cha mbao. Mbao nne kati ya sita zilikuwa zimeoza hivyo. Tulikuwa tukianika nguo juu ya roshani ile kila siku, na watu wakipita chini yake.

Tangu sehemu ya Bet el-Ajaib ilipoporomoka tarehe 25 Disemba 2020 na watu wawili wakafa, nilikuwa sipiti chini ya roshani yoyote bila kuitazama. Jumba lile la 1883 lilikuwa limeanza hata kufanyiwa matengenezo. Nilipoushika ule unga mkononi nilielewa kwamba kinachotokeza juu ya njia ni ahadi kwa kila anayepita, kwamba hakitamwangukia.

Akanituma niende nikaangalie roshani za ile Dispensari ya zamani pale Mizingani, iliyomalizika 1894 na kutengenezwa upya miaka ya 1990, nitazame jinsi mbao za kubebea zilivyoingia ukutani. Nilikwenda. Ningeshauri kila mwenye roshani aende, ni jirani yetu na wengi wetu tunaipita tu. Mbao mpya alizotuletea zilikuwa msaji mkavu, na zile zilizopona hakuzitupa, alizikata sehemu mbovu akaunga mpya kwa viungo vya kupachikana. Nakshi za ukingoni zilisafishwa na kurudishwa zilezile isipokuwa vipande saba alivyochonga upya. Mtu akinionyesha vipya ni vipi sitaweza kumwambia kama amepatia. Sehemu ya chini kabisa ya roshani sasa iko mita 2 na sentimita 65 kutoka njiani, nimeipima mwenyewe. Hamali mwenye gunia kichwani anapita.

Baraza lilijazwa kwa chokaa iliyolowekwa kwenye pipa muda mrefu kabla hajaanza kazi kwetu. Aliichanganya na mchanga na udongo mwekundu kidogo, akaipaka kwa matabaka membamba, na baina ya tabaka na tabaka alifunika kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Kwa siku kumi na mbili mimi na wajukuu tulikuwa tukinyunyizia magunia asubuhi na jioni. Alinisisitiza sana: chokaa ikikauka haraka itapasuka, na lawama itakuwa yangu. Haijapasuka.

Kuna jambo moja alilolifanya ambalo halimo kwenye mchoro wala kibali. Mtaani kwetu yuko mzee ambaye haoni tena, alipoteza macho ukubwani. Huenda msikitini peke yake kwa fimbo mkono mmoja na ukuta mkono wa pili, na ngazi yetu ya vigae ilikuwa ikimgonga muundi wa mguu. Alikuwa amezoea kutanua njia akifika kwetu, anakwenda katikati, ndipo vespa humpigia honi. Kabla ya kumaliza kona ya baraza, fundi alimwendea mzee, akamwamkia, akamwomba apite mara tatu kama anavyopita siku zote. Akatazama fimbo inagusa wapi. Kisha kona ile akaiviringisha badala ya kuiacha kali, na kimo chake akakiweka pale fimbo inapoligusa baraza kabla ya mguu kufika. Siku magunia yalipoondolewa mzee alisimama, akapapasa ukingo kwa vidole vyote vitano, polepole, mpaka akakifikia kile kibonyeo. Akasema, "Eee. Hili ndilo baraza la bibi yenu." Niliingia ndani kwa muda.

Kaka yangu hakufurahi mwanzoni, na haki yake niiseme. Duka linataka kivuli, mchana jua linapiga mlangoni na soda zinachemka. Fundi hakumbeza. Waliongezea ombi la turubai la kukunja linaloshikwa ukutani kwa mikono ya chuma, bila nguzo, la kufunguka sentimita 60 tu na kukaa juu ya kichwa cha mtu mrefu. Likakubaliwa. Sharti langu mimi, la nyumbani, ni kwamba duka likifungwa nalo lifungwe, na kukiwa na msiba mtaani likunjwe bila kuulizwa. Kaka amelitimiza.

Mazuri nimeyasema, sasa yaliyoniudhi.

Kifusi. Wiki ya kwanza walirundika vipande vya zege na vigae njiani, ubavuni mwa ukuta wa jirani, na vikakaa siku tatu kwa kuwa gari la ng'ombe aliloagiza lisubiri kule nje ya vichochoro halikuja. Siku tatu watu walipita juu ya mawe, na mzee wetu yule alizuiwa na wajukuu zake asitoke. Nilimwambia fundi wazi kwamba hili halifai kwa mtu aliyekuja na futi kunisomesha haki za njia. Hakujitetea. Jioni ile alibeba kifusi kwa karai yeye na vijana wake mpaka usiku. Lakini lisingetokea angepanga mapema.

Mvua. Alifungua roshani katikati ya vuli bila kuwa na turubai la kufunikia, akisema mawingu yale ni ya kupita. Hayakupita. Maji yaliingia chumba cha mbele, godoro moja likaharibika pamoja na boksi la picha za zamani za mama. Godoro alilipa. Picha hazilipiki, na alilijua hilo, kwa sababu alikaa nami saa nzima tukizitandaza moja moja juu ya khanga.

Muda. Alisema wiki tano, ikawa tisa. Wiki mbili ni za mchoro, si zake. Mbili nyingine ni zake, alikuwa na kazi ya pili na hakuniambia mpaka nilipouliza kwa nini seremala haonekani.

Risiti. Ilibidi niombe mara nne. Kwa kazi ya kiasi hiki mwenye nyumba anahitaji karatasi, na fundi hodari kiasi chake asingoje kuombwa.

Bei, maana najua ndiyo mnayoitaka: baraza shilingi 1,850,000, roshani shilingi 7,400,000, na humo mbao peke yake zilikaribia 4,100,000. Turubai la duka alilipa kaka. Ni zaidi ya mara tatu ya yule wa zege, na sisi si matajiri, tulichanga ndugu watano na niliuza bangili mbili. Kama ningekuwa na pesa za mbao tu, ningeanza na mbao, kwa sababu ile bisibisi bado naiona. Baraza lingengoja. Lakini bati na mabomba vingetoka siku ileile, hivyo kuviondoa hakutaki pesa.

Naona pia ofisi zinazotoa masharti haya, hapa na miji mingine, zingeongeza jambo moja: mbali na sura ya nyumba, kila kibali kitaje kwa tarakimu upana wa njia utakaobaki, na tarakimu ile ibandikwe mlangoni kazi ikiendelea, kila apitaye aisome. Kichochoro chetu kina nyumba kumi na moja. Tatu zimetokeza ngazi, moja imening'iniza mashine za kiyoyozi kwenye kimo cha uso wa mtu, na zinatiririsha maji mchana kutwa. Siwataji, ni majirani. Tarakimu ingewafikia bila mimi kugombana nao. Mmoja tayari amekuja kuniuliza habari za fundi.

Nampa nyota nne katika tano. Ya tano ilikwenda na zile picha.

Kazi moja imebaki, nayo ni mlizamu wa paa, unaomwaga maji ya mvua katikati ya njia, juu ya vichwa vya watu. Utakumbuka kisa cha Sayyidna Umar kumwagikiwa na mlizamu wa nyumba ya Sayyidna Abbas, akaamuru ung'olewe, kisha akaurudisha alipoambiwa kwamba Mtume mwenyewe ndiye aliyeuweka pale. Wa kwetu hakuuweka mtu wa namna hiyo, uliwekwa na fundi bomba mwaka 1998. Fundi anataka kuushusha kwa bomba ubavuni mwa ukuta mpaka chini, bomba jembamba lisilozidi kina cha baraza, na kwa hilo tunahitaji kibali kingine. Mchoro safari hii ameuchora mwenyewe, na ncha moja ya futi niliishika mimi. Amesema atakuja baada ya masika, na nimemwambia alete turubai lake kabla hajafungua chochote.